Ngao ya Mrumi Ilipakwa Rangi, Haikupigiliwa Shaba

Kila Pasaka inapokaribia, askari wa Kirumi hurudi miongoni mwetu. Yumo katika maigizo ya Mateso yanayochezwa kwenye viwanja vya makanisa, yumo katika filamu zinazorushwa na televisheni siku ya Ijumaa Kuu, na yumo mwaka mzima katika michoro ya shule ya Jumapili inayofafanua silaha za Mungu kwenye Waraka kwa Waefeso. Karibu kila mara huonyeshwa vilevile: kofia yenye kishungi, joho jekundu, na ngao ndefu iliyopinda kama kipande cha pipa. Usoni mwa ngao hiyo kuna radi ya shaba inayong'aa, imetoka katikati ikaelekea pembe nne, na pembeni yake mabawa ya tai, vyote vimekatwa kwenye bati la shaba na kupigiliwa kwa misumari. Watengenezaji wa mavazi ya filamu wameizoea picha hiyo, wachora vitabu wameinakili, na maduka ya vifaa vya maigizo ughaibuni huuza ngao zake kwa bei kubwa. Nashikilia kwamba picha hiyo haina msingi wa kutosha. Yaliyotoka ardhini yanatuonyesha kwamba madini kwenye ngao ya kawaida ya Kirumi yalikaa sehemu mbili, katikati na ukingoni, na kwamba uso mpana uliobaki ulikuwa uwanja wa mchoraji na rangi zake.

Tuanze na jinsi ngao ilivyoundwa. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma katika karne ya 2 KK na kulifahamu vizuri jeshi lake, anaeleza kwamba ngao ya askari wa miguu ilikuwa mbao za tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi, juu yake kitambaa cha kitani, kisha ngozi ya ndama. Upana wake ulikuwa futi mbili na nusu, urefu futi nne. Chuma anakitaja mahali pawili tu. Kwanza ni ukingo wa juu na wa chini, ili upanga wa adui usiipasue ngao na ili isilike inaposimamishwa chini. Pili ni katikati, ambapo palikuwa na kitovu cha chuma cha kukinga mawe, mikuki na makombora mazito. Kila kipande cha chuma amekitolea sababu ya kazi. Wapo watakaosema kwamba mwandishi kutotaja kitu si ushahidi kwamba hakikuwepo, na kwa kawaida wako sahihi. Lakini Polybius, katika maelezo hayohayo, anasimama kuzungumzia manyoya ya zambarau au meusi yaliyosimikwa juu ya kofia ya askari, na jinsi yalivyomfanya aonekane mrefu maradufu na wa kutisha machoni pa adui. Mtu aliyekuwa na hamu ya kueleza pambo la kofia, asingeipita radi ya shaba iliyotanda kwenye ngao nzima.

Hata hivyo nisingeijenga hoja hii juu ya kitabu peke yake. Ushahidi mzito unatoka Dura-Europos, mji wa ngome kando ya mto Frati nchini Syria. Mnamo mwaka 256 BK majeshi ya Wasasani kutoka Uajemi yaliuzingira mji huo. Warumi waliokuwa ndani walitaka kuuimarisha ukuta wa upande wa jangwani, wakalundika nyuma yake tuta kubwa la udongo lililofukia barabara, nyumba na hata sinagogi. Mji ukaanguka, watu wake wakatoweka, na mahali pale hapakukaliwa tena kama mji. Udongo mkavu wa tuta na vifusi vya minara ukahifadhi vitu ambavyo kwingine katika dola ile vilioza zamani: nguo, ngozi, mbao na rangi. Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Yale wakishirikiana na wenzao wa Ufaransa walifanya kazi hapo kuanzia 1928 hadi 1937, na kutoka kwenye Mnara wa 19, uliochimbuliwa chini na Wasasani wakati wa vita, wakatoa ngao ndefu iliyopinda. Ilikuwa imesagika vipandevipande, lakini uso wake ulikuwa bado unasomeka.

Ngao hiyo, iliyoko leo katika jumba la sanaa la Yale, inastahili kutazamwa kwa karibu. Ina urefu wa zaidi kidogo ya mita moja. Mwili wake ni vipande vyembamba vya mbao vya tabaka tatu, vimelazwa kwa kupishana na kugandishwa kwa gundi, yaani plaiwudi kama fundi seremala wa leo anavyoielewa, na unene wake haufiki hata upana wa kidole: ni kama nusu sentimita. Juu ya mbao ilivikwa ngozi, na juu ya ngozi ikaja rangi. Uso wote ni mwekundu. Juu ya mahali pa kitovu yupo tai aliyekunjua mabawa, pembeni yake malaika wa ushindi wenye mabawa wakimletea taji, na chini yupo simba. Kuzunguka picha hizo kuna mistari na mapambo ya majani na maumbo yaliyopangwa safu kwa safu. Tai yupo na mabawa yapo, vitu vilevile ambavyo watengenezaji wa siku hizi huvikata kwenye bati, na vyote hapa vimefanywa kwa brashi. Hata ukingo, ambao Polybius aliuona umevikwa chuma, kwenye ngao za Dura ulishonewa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza na kuwa ngumu.

Mjini humohumo zilipatikana pia ngao tatu za umbo la yai zilizochorwa kwa ustadi unaoshangaza. Moja ina vita kati ya Wagiriki na wanawake wapiganaji, Waamazoni. Nyingine ina habari za vita vya Troya, na farasi wa mbao anaingizwa mjini. Ya tatu ina mungu shujaa amesimama na silaha zake. Msomi Simon James, aliyechapisha mwaka 2004 uchunguzi kamili wa silaha za Dura, ametuwekea vitu hivi kwa vipimo na michoro ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua. Ninachosisitiza ni kwamba hapa hatuna kipande kimoja chenye utata. Tuna kundi la ngao zilizobaki na uso wake, zenye maumbo mawili tofauti, na pambo la uso ni rangi. Mahali ambapo tumepata nafasi ya kuuona uso wa ngao ya Kirumi wenyewe, badala ya kuukisia, tumekuta kazi ya mchoraji.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni la mahali na wakati. Dura ni Syria, karne ya 3. Askari wa mtoni Rhine katika karne ya 1, au lejioni za Julius Caesar ambazo wasomaji wa Kiswahili walianza kuzifahamu kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, huenda walifuata desturi nyingine. Ni pingamizi la haki, kwa sababu jeshi lililodumu karne nyingi na kuenea kutoka Uingereza hadi Frati halikuvaa sare moja. Lakini upande wa pili wa wakati tunayo ngao iliyopatikana mwaka 1900 huko Kasr el-Harit, katika bonde la Fayum nchini Misri, ambayo ni ya zamani zaidi kuliko zile za Dura. Nayo imeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vya tabaka tatu, na imevikwa kitambaa cha sufu iliyogandamizwa. Urefu wake ni sentimita 128. Wapo waliodhani ni ngao ya Wakelti, na leo wengi huihesabu miongoni mwa mifano ya ngao za aina ya Kirumi. Kitovu chake ni cha mbao, chembamba kama punje ya shayiri, na kutoka hapo mbavu ya mbao imepanda na kushuka. Pambo la madini halipo. Kati ya Fayum na Dura umepita muda mrefu na mitindo imebadilika sana, lakini kwenye jambo hili moja ngao hizo mbili zinakubaliana.

Kwa hiyo, madini yalipambwa wapi? Yalipambwa pale yalipokuwa yanahitajika tangu mwanzo. Mfano bora ninaoujua ni kitovu cha ngao kilichotolewa mwaka 1867 kwenye mto Tyne, karibu na mahali unapoingia baharini kaskazini mwa Uingereza, na ambacho sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Ni bamba la aloi ya shaba lenye pembe nne, katikati limefinyangwa kuwa nusu mviringo wa kukinga ngumi ya askari aliyeshika mpini upande wa pili. Uso wake umegawanywa kama kurasa ndogo. Katikati yupo tai, pembeni yupo Mars mungu wa vita, fahali, na bendera za lejioni, na kwenye kila pembe kuna picha ya mmoja wa misimu minne ya mwaka. Picha hizo zimechorwa kwa kukwaruza madini, na sehemu nyingine zimepakwa bati jeupe, hivyo picha moja ikang'aa kifedha na nyingine ikabaki na wekundu wa shaba. Ukiitazama kwa makini utaona pia maandishi ya vitone yaliyogongwa kwa ncha ya msumari: ni mali ya Junius Dubitatus, wa senturia (kikosi kidogo ndani ya lejioni) ya Julius Magnus, Lejioni ya 8 Augusta.

Lejioni hiyo ilikuwa na makao yake mahali panapoitwa leo Strasbourg, nchini Ufaransa. Maandishi ya jiwe moja kutoka Italia yanasema kwamba katika msafara wa kijeshi wa Uingereza, enzi za Kaisari Hadrian, walipelekwa askari elfu moja kutoka lejioni hiyo pamoja na idadi kama hiyo kutoka lejioni nyingine mbili. Kitovu cha Dubitatus kinaingia vizuri katika safari hiyo. Huenda ngao ilizama pamoja na mashua, huenda ilidondoka mikononi wakati wa kushuka. Nimekieleza kwa urefu kwa sababu kinaonyesha Warumi hawakukosa mapenzi wala ufundi wa kupamba madini ya ngao. Walikuwa navyo vyote viwili. Fundi aliyekuwa na bamba la shaba mbele yake alilijaza picha hadi pembeni. Lakini picha hizo ni tai, misimu na miungu juu ya kitovu, na kitovu kilikuwa lazima kiwepo, kiwe kimepambwa au hakijapambwa. Na tai huyo wa Dubitatus ni ndugu wa yule aliyechorwa kwa rangi kule Dura. Alama zilikuwa zilezile. Juu ya madini zilichongwa, juu ya ngozi zikapakwa.

Sasa nafika kwenye pingamizi ambalo watetezi wa radi ya shaba hulitegemea zaidi ya yote. Wanasema shaba ilikuwa mali. Ngao ilipochakaa, mabati yake yaling'olewa na kuyeyushwa, kwa hiyo tusishangae kwamba hatuyapati. Kwa nje hoja inaonekana imara, kwani ni kweli Warumi waliyeyusha tena shaba kwa wingi. Tatizo ni kwamba inathibitisha kupita kiasi. Vitovu vya ngao pia vilikuwa mali, na bado tunavipata, vya chuma na vya shaba, kutoka Uingereza hadi Syria. Vibanio vyembamba vya shaba vilivyokunjwa kufunika ukingo wa ngao vilikuwa mali, navyo vinapatikana katika kambi nyingi za karne ya 1. Vimepatikana hata Kalkriese, Ujerumani, panapoaminika kuwa mahali ambapo lejioni tatu za jemadari Mrumi Varus ziliangamizwa mwaka 9 BK. Bizimu za mikanda, vishaufu vya hatamu za farasi, bawaba za deraya, vyote hivi vilikuwa shaba iliyoweza kuyeyushwa, na vimejaa makabatini mwa majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kama kila ngao ya kila askari wa lejioni ilibeba radi yenye mikono mirefu na jozi mbili za mabawa, basi kwa kila kitovu kimoja kungekuwa na vipande vingi vya namna hiyo vilivyokuwa tayari kuvunjika, kudondoka na kupotea. Ni ajabu kubwa kama wayeyushaji waliacha vitovu na vibanio na bizimu, wakachagua radi na mabawa peke yake.

Zaidi ya hapo, madini yaliyong'olewa huacha alama. Huko Kalkriese ilipatikana barakoa ya uso ya askari wa farasi, ya chuma, ambayo zamani ilivikwa bati la fedha. Washindi waliibandua fedha ile, lakini mabaki yake yalisalia yamebanwa chini ya ukingo wa shaba, na kwa hiyo leo tunajua kwamba ilikuwepo. Mfano wa pili si wa Kirumi, ila unafundisha vizuri zaidi. Ngao ya shaba iliyotolewa mwaka 1826 kwenye mto Witham huko Uingereza, kazi ya watu walioishi kisiwani humo kabla ya Warumi, wakati fulani ilikuwa na umbo la nguruwe pori mwenye miguu mirefu lililobandikwa usoni. Nguruwe huyo hayupo. Lakini matundu ya ribiti zake yapo, na kivuli cha umbo lake kimebaki kimejichora kwenye shaba, kiasi kwamba mtu anaweza kuufuata mgongo wake kwa kidole. Pambo la namna hii likitoka, huacha nyuma ushahidi wa kutoka kwake. Ngao za Kirumi zenye uso uliosalia hazijatuonyesha kivuli cha radi.

Kuna watetezi wa upande wangu ambao hukimbilia hoja ya uzito: wanasema shaba ingeifanya ngao isibebeke. Siikubali hoja hiyo, na ni vizuri kuiondoa njiani ili isituharibie nyingine. Tukisema radi na mabawa vinafunika robo ya uso wa ngao, na bati lina unene wa nusu milimita, nyongeza ya uzito ni kati ya nusu kilo na kilo moja. Askari aliyetembea na mzigo wa makumi ya kilo angelibeba hilo. Ugumu uko katika ufungaji. Ubao wenye unene wa nusu sentimita hauishiki misumari. Kila ribiti ingebidi ipenye hadi nyuma na kupondwa huko, na kila tundu lingekuwa njia ya maji kuingia kwenye gundi na mahali pa ufa kuanzia ngao inapopigwa. Ngao ya plaiwudi huishi kwa sababu ngozi yake haijatobolewa. Ndiyo maana Warumi waliivisha hata kifuniko cha ngozi ya mbuzi safarini. Fundi wa jeshi angeweza kufanya kazi hiyo kama angeamriwa. Lakini angekuwa anaidhoofisha ngao ili apate kitu ambacho ndoo ya rangi ilimpa bila kutoboa tundu hata moja.

Twende kwenye maandishi, maana yapo yanayoonekana kunipinga waziwazi. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasema kwamba Julius Caesar aliwapa askari wake silaha zilizopambwa kwa fedha na dhahabu, kwa ajili ya fahari na ili wazishikilie vitani kwa kuogopa kuzipoteza. Josephus, aliyekuwepo Yerusalemu ilipozingirwa mwaka 70 BK, anasimulia jinsi Titus alivyowapanga askari wake wapokee mshahara mbele ya mji, wakazitoa silaha kwenye vifuniko vyake, na eneo lote likametameta kwa fedha na dhahabu. Sina sababu ya kuwaita waongo. Ninachouliza ni fedha hiyo ilikuwa imekaa wapi. Pliny Mkubwa, aliyewahi kuwa ofisa wa farasi Ujerumani na aliyekufa Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, analalamikia anasa ya askari wa siku zake na kutaja mahali hasa: mipini ya panga iliyonakshiwa fedha, minyororo ya ala, na mabamba ya mikanda. Udongo unamuunga mkono kabisa. Mikanda yenye mabamba yaliyopakwa bati jeupe au fedha imepatikana kwa wingi, na ala ya upanga iliyotolewa Mainz, maarufu kwa jina la Upanga wa Tiberius, ina picha za shaba zilizopakwa dhahabu. Ongeza hapo vitovu vilivyopakwa bati kama kile cha Dubitatus, kofia zilizosuguliwa na deraya, kisha mweke mtu juu ya ukuta wa Yerusalemu jua likiwaka. Maneno ya Josephus yametimia bila bati hata moja juu ya ubao wa ngao. Livy naye, anaposimulia vita vya Warumi na Wasamniti, anazungumzia ngao za dhahabu na fedha, lakini anaziweka mikononi mwa adui, na anawafanya makamanda wa Kirumi wawakumbushe askari wao kwamba mapambo hayo ni nyara zaidi kuliko silaha.

Limebaki lile linaloonekana kwa macho: sanamu za mawe. Kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113, askari wa lejioni wanabeba ngao zenye radi na mabawa yaliyoinuka juu ya uso. Jiwe la kaburi la Gnaeus Musius huko Mainz, aliyekuwa mbeba tai wa Lejioni ya 14, linaonyesha ngao yenye radi iliyochongwa kwa namna hiyohiyo. Wengi wameona kuinuka huko wakahitimisha kwamba kitu halisi nacho kiliinuka, kwa hiyo kilikuwa bati. Hapa ndipo kosa la msingi lilipo, nami nadhani ndipo desturi yote ilipozaliwa. Mchonga mawe hana njia nyingine. Mstari wa rangi akitaka uonekane kwenye jiwe jeupe, hasa mbali juu ya nguzo yenye urefu wa zaidi ya mita 30, lazima auinue au auchimbe. Kisha aje mpaka rangi, kwa kuwa sanamu za kale kwa kawaida zilipakwa. Tazama pia ngao za umbo la yai za askari wasaidizi kwenye nguzo hiyohiyo: zimejaa nyota, mashada ya majani, mizunguko ya mimea inayojipinda. Zote zimeinuliwa kwa kiwango kilekile. Anayesema radi ni ya bati kwa sababu imeinuka, atalazimika kusema kila jani na kila kikonyo ni cha bati pia, na hakuna anayethubutu kufika huko.

Je, hakukuwa na ngao yoyote ya Kirumi iliyobeba madini zaidi ya kitovu na ukingo? Sitasema hivyo. Ngao iliyoungua ya karne ya 1, iliyopatikana Doncaster huko Uingereza mwaka 1971 na kuchunguzwa na Paul Buckland, ilikuwa na kitovu cha chuma, mpini uliosimama wima kinyume cha kawaida, na vipande vya shaba ambavyo vinatosha kutufanya tusiweke sheria bila nafasi ya tofauti. Jeshi lilikuwa na maofisa wenye fedha zao, walinzi wa makaisari, na askari wa farasi waliofanya michezo ya maonyesho. Arrian, gavana aliyeandika juu ya michezo hiyo katika miaka ya 130, anasema ngao zake zilikuwa nyepesi kuliko za vita na zimepambwa kwa ajili ya kupendeza. Nje ya mipaka, katika bonde la Illerup huko Denmark, jeshi lililoshindwa karibu mwaka 200 liliacha vitovu vya chuma kwa mamia, vya shaba vichache, na vya fedha vya kuhesabu kwa vidole, dalili ya ngazi za watu. Hayo ni ya Wajerumani wa kale, ila yanasaidia kufikiri: madini ya thamani yalimtofautisha mkubwa na umati. Radi ya shaba kwenye mikono ya kila askari wa safu ingeondoa maana hiyo.

Na rangi ilifanya kazi ambayo bati lisingeifanya kwa wepesi. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kijeshi, anaeleza kwamba kila kohoti, yaani kikosi ndani ya lejioni, ilikuwa na alama yake iliyochorwa kwenye ngao, na kwamba jina la askari na kikosi chake liliandikwa humo ili watu wasipotezane katika vurugu. Mwanahistoria Tacitus anatupa tukio linaloonyesha nguvu ya alama hizo: katika vita vya usiku vya Warumi kwa Warumi karibu na Cremona, mwaka 69, askari wawili waliokota ngao za maiti wa upande wa pili, wakapita katikati ya adui bila kutambuliwa, na kukata kamba za mtambo uliokuwa unawaua wenzao. Waliuawa papo hapo. Ngao ilikuwa kitambulisho, na kitambulisho hubadilika. Kikosi kinahamishwa, kamanda mpya anaamuru majina yaandikwe upya, rangi inapauka kwa jua na mvua. Brashi hurekebisha hayo kwa siku moja.

Ndiyo maana nawasihi wachapishaji wa vitabu vya watoto, wachora mabango ya makanisa na wanaotayarisha maigizo wabadilishe ngao zao, na kazi hiyo itakuwa rahisi na ya gharama ndogo kuliko wanayofanya sasa. Ubao, kitambaa, rangi nyekundu, tai na mistari ya njano, kitovu kimoja katikati. Kwa maigizo ya Mateso wafanye hata zaidi: Pilato hakuwa na lejioni Uyahudi, lejioni zilikuwa Syria, na askari aliowatuma walikuwa wa vikosi vya wasaidizi, kwa hiyo ngao ya bapa yenye umbo la yai inawafaa kuliko ile iliyopinda. Mtoto anayeonyeshwa hivyo anaonyeshwa kitu ambacho mtu alikishika kweli.

Nami nipo tayari kusadikishwa vinginevyo, na naweza kusema kwa kitu gani. Nionyeshwe bati lenye umbo la radi, kubwa kiasi cha kutosha ngao, lenye ribiti ambazo urefu wake unalingana na ubao wa nusu sentimita au zaidi, maana ribiti za mikanda na hatamu ni fupi na hujulikana mara moja. Au nionyeshwe ubao wenye matundu yaliyopangika kufuata mkono wa radi. Mahali pa kutafuta papo. Kambi ya Vindolanda, kusini kidogo ya Ukuta wa Hadrian, ina tabaka za udongo wa majimaji usioingiwa na hewa, uliotunza viatu vya ngozi kwa maelfu na, tangu 1973, barua za wino kwenye vibao vyembamba kuliko ngao yoyote. Uchimbaji huko unaendelea kila mwaka, na sehemu kubwa ya kambi bado iko chini ya ardhi.